Wageni Jumapili? Matoke na mchuzi wa karanga vinatosha

Jamani wageni wakija msijitese na vyakula saba, hapa Uganda matoke na mchuzi wa karanga vinaheshimisha kabisa, na uzuri wa matoke ni kwamba yanakusubiri, hata wageni wakichelewa kwa ajili ya jam ya Kampala utawapa chakula cha moto.

Anza mapema. Paka mafuta mikononi ndo umenye, utomvu hautashika. Sufuria weka vikonyo vya majani ya mgomba chini, maji kidogo, halafu funga matoke vizuri ndani ya majani uweke juu yake, maji yasiyaguse maana yanaiva kwa mvuke. Baada ya kama saa moja na zaidi hivi yakishalainika, shika kitambaa safi uyaponde humohumo kwenye majani bila kufungua, rudisha kwenye sigiri yenye makaa machache tu na uyaache hapo, we nenda kaoge uvae.

Mchuzi sasa: karanga iliyosagwa koroga na maji baridi kwanza isifanye madonge, tia kitunguu, nyanya, chumvi, moto mdogo nusu saa na usiondoke kabla haijatulia, inafurika haraka sana. Samaki wa kukaushwa kwa moshi toa miiba yote ndo utie, hasa kama kuna watoto.

Dodo, yaani mchicha, chemsha dakika za mwisho, ovakado kata wageni wakishakaa. Juisi ya pasheni tengeneza asubuhi.