Kabla hujachimba msingi, nenda kiwanjani saa kumi jioni

Ukitaka nyumba isiyokula umeme, kazi kubwa inafanyika kabla tofali la kwanza halijafika kiwanjani. Taa utabadilisha hata baada ya miaka mitano, friji utanunua nyingine. Ukuta ukishasimama, umesimama.

Hati na mipaka, hakikisha. Kibali cha ujenzi, chukua. Maji ya mvua yanapita wapi, waulize majirani walioona masika pale, si dalali. Mwembe ulioko upande wa magharibi usiukate.

Halafu jua. Hapa nisikilize vizuri.

Nilijenga pembezoni mwa Dar es Salaam kwa ramani niliyoipenda kwenye simu: paa la kuficha (lisiloonekana kutoka nje), kuta zilizonyooka bila upenu, yaani paa halichomozi nje ya ukuta, sebule yenye kioo kuanzia sakafuni hadi karibu na lenta, boriti ya zege juu ya madirisha. Barabara ya mtaa iko magharibi, basi sebule na chumba cha wageni vikatazama huko ili nyumba ipendeze kwa mbele. Mchora ramani hakuuliza jua linazama wapi, nami sikumwambia. Tulihamia Agosti, hali ya hewa nzuri. Kufika Januari, saa kumi jioni jua linaingia hadi kwenye meza ya chakula. Saa tatu usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha wageni, bado una moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Tofali la saruji hunywa joto mchana kutwa, kisha hulitoa ndani wakati watu wanataka kulala. Mama yangu alikuja kututembelea. Usiku wa pili nilimkuta amekokota godoro hadi kwenye korido. “Mwanangu, mle ndani sipumui.” Iliniuma sana.

Tukafunga kiyoyozi. Hata kile kidogo huvuta karibu kilowati moja kikiwa kinafanya kazi. Usiku mmoja wa joto kinaweza kumaliza uniti sita za LUKU, umeme wa kulipia kabla, chumba kimoja tu. Mwaka uliofuata nikaongeza baraza ya mita mbili na nusu upande ule: nguzo, kenchi (mbao za kubeba paa), bati, fedha niliyokuwa nimeitengea uzio. Ukuta ukaacha kuunguza.

Elewa sababu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana liko juu mwaka mzima. Juni limeegemea kaskazini, Desemba kusini. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini hukingwa vizuri na upenu wa sentimita 90. Jua la jioni liko chini, linapita chini ya upenu. Urefu wa nyumba basi uende mashariki-magharibi, na upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi. Kiwanja kikikulazimisha kutazama magharibi, baraza iwemo kwenye ramani tangu siku ya kwanza.

Upepo: kusi na kaskazi ni bure. Kila chumba kiwe na madirisha kwenye kuta mbili. Na ujue dirisha la aluminiamu la kuslaidi linafunguka nusu tu. Ukilipia mita mbili, hewa inapata moja.

Bati liwe la rangi nyepesi, na acha matundu ya hewa kati yake na dari.

Maji: paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50 hutoa karibu lita 5,000. Gata na sehemu ya tanki zipangwe mapema, na mnara wa tanki usitie kivuli paneli za sola.

Bomba la waya wa sola lipite ukutani kabla ya ripu, yaani plasta. Piga picha mabomba yote kabla hayajafunikwa. Waya usifungwe na mtu asiye na leseni. Shimo la maji machafu lifunikwe kila jioni mafundi wakiondoka, watoto wa majirani hupita hapo wakicheza.