Laini mbili za faiba Goma: namna ya kuzijenga zisikatike pamoja

Nilikuwa na laini mbili za intaneti ya faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga) za kampuni mbili tofauti, nikalala usingizi. Lori la makala likagonga nguzo moja kule Ndosho, zote mbili zikazimika. Kumbe zilitundikwa kwenye nguzo zilezile.

Hatua ya 1: Tembea njia nzima. Usitegemee ramani ya muuzaji. Fuata waya kwa miguu, nguzo kwa nguzo, kutoka mlangoni kwako hadi kituo cha kampuni, ukipiga picha. Tafuta zinapokutana: nguzo, mtaro, hata tundu la ukutani kwako. Uangalie na mlima pia. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliikata barabara ya Rutshuru; laini zako zote zikipita upande huo, hesabu kwamba unayo moja tu. Ya kwanza ielekee mpaka wa Gisenyi, Rwanda, ya pili Sake, upande wa magharibi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mwanga kabla ya kuunga. Kwa mwanga wa 1550 nm (nanomita, urefu wa wimbi lake), kadiria upotevu wa dB (desibeli) 0.25 kwa kilomita. Kilomita 20 ni dB 5. Viungio sita vya dB 0.1 ni 0.6, plagi mbili za dB 0.5 ni 1. Jumla 6.6. Ukipima ukapata 9, usipokee kazi: pengine waya umekunjwa sana mahali, na OTDR, kifaa kinachorusha mwanga kwenye uzi na kupima unaorudi, itakuonyesha ni mita ya ngapi.

Adui wa kiungio hapa kwetu ni vumbi jeusi la mawe ya volkano. Mimi huungia ndani ya gari, vioo vimefungwa, nafuta uzi kwa alkoholi mpaka ulie ukiupitisha kidoleni, ndipo naukata. Na kwenye nguzo acha mzingo wa akiba wa mita 20. Bila huo, siku ya kukatika hutakuwa na cha kuvuta.

Hatua ya 3: Umeme. Vifaa vya wati 100 kwa saa 8 vinataka Wh (wati-saa) 800. Betri ya asidi ya V (volti) 12, Ah (ampea-saa) 200, ukiitumia nusu tu ili idumu, inatoa Wh 1200. Inatosha.

Hatua ya 4: Ruta. BGP, lugha ambayo ruta huambiana njia za kupita, peke yake yaweza kungoja sekunde 90 au 180 kabla ya kukubali kwamba laini imekufa. Washa BFD, ukaguzi wa haraka wa kujua kama laini iko hai: salamu kila milisekunde 300, zikikosekana tatu mfululizo laini imekufa. Na matumizi yako yote ya saa za jioni lazima yaweze kubebwa na laini moja peke yake.

Hatua ya 5: Chomoa mwenyewe. Kila mwezi, Jumapili usiku, mwenzako akiwa kwenye simu na mteja, chomoa laini ya kwanza kwa mkono. Simu isikatike. Irudishe, ngoja itulie, kisha chomoa ya pili.