Kuchokonoa kufuli kwa vyuma vya waipa: wengi wanakwama kwenye mkazo

Juzi nimekaa na mdogo wangu jioni nzima namfundisha kufungua kufuli bila funguo, akakwama palepale nilipokwama mimi wiki mbili nzima nilipoanza, kwa hiyo naandika.

1. Kufuli
Chukua la kwako, dogo la shaba, la pini nne hivi (pini ni vile vijiti vya ndani vinavyosukumwa na meno ya ufunguo). La mtu usiguse, na usijifunzie kwenye kitasa cha mlango unaotumika, pini zikijam mtalala nje. Angalia kwanza ufunguo wake unazungukia upande gani.

2. Vifaa
Muombe fundi gereji waipa iliyochakaa. Ndani ya ile raba kuna vyuma viwili vyembamba, vigumu lakini vinanesa. Kimoja kunja ncha kwa plaizi kama herufi L, hicho cha kukazia. Kichokoo, yaani cha kusukumia pini, mi natengeneza kwa bledi ya msumeno wa chuma, nasaga kwa grainda huku nachovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache, maana chuma kikishakuwa cha bluu kimelegea, kitapinda tu. Malizia na msasa. Waya wa kubania karatasi achana nao, laini mno.

3. Mkazo
Hapa sasa. Matundu ya pini hayajatobolewa kwenye mstari ulionyooka kabisa, ndo maana ukiizungusha silinda (kile kipande cha ndani kinachozunguka na ufunguo) kidogo kwa chuma cha L inabanwa pini moja kwanza, zingine zinacheza. Ukikaza sana zinabanwa zote na husikii kitu. Mdogo wangu nilimwangalia kidole, ukucha umekuwa mweupe, nikamwambia legeza, akalegeza, nikamwambia legeza tena. Unatakiwa ubonyeze kama unagusa kitufe cha rimoti bila kukifikisha chini, basi. Ncha ya L ikae chini kabisa ya tundu la ufunguo na isiguse mwili wa kufuli, la sivyo unakaza kufuli lenyewe na silinda haina habari. Pini zote ngumu, umezidisha. Zote zinanesa, umepunguza mno. Ukipotea achia mkazo polepole mno na utege sikio, zile tik tik ni pini zinazorudi chini, zihesabu, utajua ulikuwa umepanga ngapi.

4. Pini
Anzia nyuma, tafuta iliyo ngumu, isukume mpaka isikike tik na silinda isogee kiasi cha unywele. Tafuta inayofuata. Kuna wanaokokota kichokoo mbele nyuma harakaharaka, linafunguka kweli ila hujifunzi chochote. Nenda pini kwa pini hata ikichukua saa nzima, Alfred Hobbs, fundi kufuli Mmarekani, kule London mwaka 1851 kufuli la kampuni ya Bramah lilimchukua saa 51 ndani ya siku 16.

Pini zikiwa nzito, saga risasi ya penseli upulizie ule unga ndani. Mafuta ya kupikia hapana, yanashika vumbi na springi zinaganda.