Kupanda Lenana theluji ikiwa mbichi

Mvua za masika zikimwagika Nairobi, kule juu Mlima Kenya huanguka theluji. Kilele cha Lenana kina mita 4,985. Volkano yenyewe ilizimika zamani sana, kwa hiyo cha kuogopa ni baridi, mteremko na kimo.

Buti zangu nilizinunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Kila jozi niliishika kwa mikono miwili nikaikunja: soli ikipinda kama ndala, iache. Soli ngumu ndiyo inayochimba ngazi kwenye theluji. Mazoezi nilifanyia milima ya Ngong.

Kutoka kambi ya Shipton's, ondoka saa tisa usiku. Theluji ya alfajiri imeganda, inabeba mguu. Jua likishapanda inakuwa uji, unazama hadi magotini. Piga ncha ya buti mara mbili, ukishika imara ndipo uhamishe uzito. Ukikuta barafu tupu inayong'aa, nawe huna vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya viatu, geuka. Mimi niligeuka mara moja, na sijuti.

Chupa ya maji ivishe soksi, uisimamishe kichwa chini, maana maji huanza kuganda juu. Kichwa kikigonga na ukatapika, shuka usiku huohuo.