Kupiga hesabu ya presha ya dizeli iliyofungiwa kwenye bomba la pampu

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye gasketi yake, ile pedi inayoziba maungio ya bomba, inavuja siku za jua, tena pampu ikiwa imezimwa. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja anayehudumia jenereta hapa Dar. Alishabadilisha gasketi, akakaza bolti mpaka mkono ukamuuma, na bado kila alasiri dizeli inachuruzika kwenye flanji, yaani maungio ya bomba yanayokazwa kwa bolti. Pampu nzima, bolti nzima. Kilichokuwa kinaisukuma gasketi ni dizeli yenyewe, inayopata joto na haina pa kwenda.

Mfano tutakaofuata: bomba la chuma la inchi 4, unene wa ukuta 6 mm, kipenyo cha ndani 102 mm, urefu mita 40, limepita juani kutoka kwenye pampu hadi tangi la jenereta. Upande wa pampu kuna valvu ya kuzuia kurudi, nonretani. Upande wa tangi kuna valvu inayojifunga tangi likijaa.

Hatua ya 1: Hakikisha mafuta yamefungiwa kweli

Fuata bomba kwa miguu, si kwa mchoro. Ukikuta njia yoyote iliyo wazi kuelekea tangini, acha hesabu, tatizo lako liko kwingine.

Hatua ya 2: Pima joto

Pima alfajiri, pima tena saa 8 mchana. Bunduki ya kupimia joto kwa mbali siipendi: kwenye chuma kinachong'aa inadanganya sana. Funga kipimo cha waya juu ya bomba, kizungushie kitambaa kizito ili jua lisikipige moja kwa moja. Kwenye mfano wetu tuseme 26°C asubuhi na 46°C mchana, yaani tofauti ya nyuzi 20.

Wengine watakuambia pampu ndiyo inayopasha mafuta. Pima dai hilo kwa hesabu fupi. Joto ambalo pampu inaongeza ikiwa inasukuma kawaida ni 9.81 × kimo cha msukumo × (1/ufanisi − 1) ÷ joto mahsusi. Kwa kimo cha mita 40, ufanisi wa asilimia 60 na dizeli yenye takriban 2,000 J kwa kilo kwa nyuzi, unapata nyuzi 0.13. Si kitu. Pampu inayozunguka huku valvu imefungwa ni habari nyingine: kilowati 2 zikiingia kwenye kilo 15 za dizeli ndani ya pampu, joto linaweza kupanda nyuzi 4 kwa dakika, pungufu kidogo kwa sababu chuma cha pampu nacho kinakula joto. Sisi pampu yetu imezimwa, kwa hiyo mkosaji ni jua.

Hatua ya 3: Tafuta vizidishi viwili, si kimoja

Hapa ndipo saa zinapopotea. Karibu kila mtu anatafuta kizidishi cha kutanuka peke yake, anapata lita kadhaa, kisha anakwama: lita hizo ni presha ngapi? Kizidishi hicho hakiwezi kujibu. Thamodinamiki inasema ujazo wa kimiminika unabadilishwa na vitu viwili, joto na presha:

badiliko la ujazo ÷ ujazo = β × badiliko la joto − κ × badiliko la presha

β ni kiasi kinachotanuka kwa kila nyuzi, κ ni kiasi kinachobanika kwa kila bar, kizio cha presha. Ukifungia kimiminika, upande wa kushoto unakuwa sifuri, na presha inayopanda kwa kila nyuzi inabaki β ÷ κ. Ujazo umejifuta wenyewe. Bomba la mita 4 na la mita 400 yanapanda presha sawa, jambo ambalo mafundi wengi hawaamini mpaka wakae na kalamu.

Sasa tahadhari, nazo ni nyingi.

β iwe ya ujazo. Vitabu vya vyuma vinatoa kizidishi cha urefu; chuma ni 0.000012, na kwa ujazo unazidisha kwa 3, unapata 0.000036. Kwa vimiminika, namba unayoikuta jedwalini kwa kawaida ni ya ujazo tayari, usiizidishe tena.

β ya dizeli inafuata uzito wake. Dizeli ya kilo 840 kwa mita ya ujazo katika 15°C ni karibu 0.00084. Petroli ya kilo 740 ni karibu 0.0012. Soma cheti cha mzigo, usichukue namba ya petroli kwa sababu tu zote ni mafuta.

Maji ndiyo yenye vituko. Katika 4°C β yake ni sifuri, katika 20°C ni 0.000207, katika 30°C ni 0.000303. Namba ya maji iliyopimwa 20°C ukiitumia kwenye bomba la Dar au Tanga, jibu lako litapungua kwa karibu theluthi.

κ nayo ina mtego wa vizio. Majedwali mengi yanaiandika kwa kila paskali. Dizeli ni takriban 7 × 10⁻¹⁰ kwa paskali, ambayo ni 0.00007 kwa bar. Wengine wanaandika kinyume chake, ugumu wa kubanwa, gigapaskali 1.4. Ni kitu kile kile: gawanya 1 kwa hiyo namba. Vikokotoo vya kwenye simu huwa vinakuficha hapa. Mimi natumia Excel, au karatasi, mradi nione kizio kwenye kila mstari.

Hatua ya 4: Weka bomba ndani ya hesabu

Chuma nacho kinatanuka, na presha inakivuta. Kwenye β toa 0.000036. Kwenye κ ongeza kutanuka kwa bomba kunakoletwa na presha: (kipenyo ÷ unene) × 0.95 ÷ 2,000,000. Hiyo 2,000,000 ni ugumu wa chuma kwa bar. Kwa bomba letu ni 0.0000081.

(0.00084 − 0.000036) ÷ (0.00007 + 0.0000081) = takriban bar 10 kwa kila nyuzi.

Rudia kusoma. Nyuzi moja, bar 10. Flanji ya daraja la 150 ya chuma cha kawaida inaruhusiwa bar 19.6 katika 38°C. Nyuzi mbili tu zinatosha kuivuka, na sisi tuna nyuzi 20. Kwenye karatasi ni bar 200. Bombani hutaziona, kwa sababu gasketi itasalimu amri mapema.

Hatua ya 5: Hewa

Hii ndiyo inayoeleza kwa nini bomba la jirani halivuji. Bomba letu lina lita 327, na nyuzi 20 zinaomba nafasi ya lita 5.3. Kukiwa na mfuko wa hewa wa lita 10 uliofungiwa kwa bar 3 za geji (bar 4 ukijumlisha presha ya hewa ya nje), hewa inabanwa hadi lita 4.7 na geji inasoma kama bar 8. Hakuna kinachotoka. Siku utakapotoa hewa vizuri, kama unavyotakiwa, ndipo gasketi inaanza kulia. Kwa hiyo usiitegemee hewa: inayeyuka polepole ndani ya mafuta.

Hatua ya 6: Valvu ya usalama

Ndogo inatosha, nusu inchi, maana asubuhi nzima inapitisha lita 5 na kidogo. Iweke ifunguke juu ya presha ya juu kabisa ya pampu na chini ya kiwango cha flanji; kwa pampu ya bar 4, naiweka bar 10. Mdomo wake urudi tangini, siyo kwenye ndoo. Kuna wanaotoboa tundu kwenye ulimi wa nonretani ili presha irudi. Mimi sikubali: bomba linajimwaga usiku, na asubuhi pampu inaanza kwa kishindo.

Ukishafunga, weka geji yenye sindano ya pili inayobaki palipofika juu kabisa. Zima pampu jioni, isome kesho yake saa 9 alasiri. Ikisoma bar 10 au zaidi kidogo, valvu inafanya kazi. Ikiishia chini ya bar 10, kuna hewa, au kuna mahali panavuja hujapaona.