Meli ya kigeni inapotozwa faini ya forodha Kigoma

Nahodha wa meli ya Kongo, Burundi au Zambia anayekabidhiwa hati ya faini katika bandari ya Kigoma aisome hati hiyo kabla ya kumpigia simu konseli wake, yaani ofisa wa nchi yake anayewahudumia raia wake ugenini. Aangalie kosa linalotajwa, kifungu cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinachotumika, na tarehe ya uamuzi.

Asitie saini kwa haraka. Kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna wa Forodha kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kwenda mahakamani, iwapo mhusika amekiri kwa maandishi na kuomba mwenyewe shauri limalizwe hivyo. Lakini amri inayotolewa ni ya mwisho na haikatiwi rufaa. Mwenye shehena inayoharibika hushawishika kukubali ili ang'oe nanga jioni ileile, na pengine hesabu yake ni sahihi, ila ajue kwamba baada ya hapo hata balozi hodari hana mengi ya kudai.

Asiyekubali faini awasilishe maombi ya mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kwa mujibu wa kifungu cha 229. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, na akinyamaza maombi huhesabiwa yamekubaliwa. Jibu lisiporidhisha, rufaa hukatwa ndani ya siku 45 katika vyombo vya rufani za kodi.

Konseli aarifiwe mapema, kwani Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli unamruhusu kuisaidia meli ya nchi yake na mabaharia wake. Hata hivyo, serikali kwa kawaida haiwezi kulibeba dai la raia wake kimataifa kabla njia za ndani, yaani mapitio na rufaa katika nchi iliyotoza faini, hazijakwisha. Wapo wanaotaja meli ya mafuta Saiga, iliyokamatwa na Guinea mwaka 1997 na kushinda mwaka 1999 katika mahakama ya sheria ya bahari huko Hamburg bila kupitia njia hizo zote. Sababu ni kwamba Guinea ilitumia sheria zake za forodha nje ya maji yake ya mwambao, ikaingilia haki za nchi yenye bendera, yaani nchi ambako meli imesajiliwa. Meli iliyofunga gati Kigoma imo ndani ya Tanzania, hivyo hoja hiyo haiisaidii.

Mkazi wa Burundi au Kongo anayeona Mkataba wa Jumuiya umekiukwa anaweza pia kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ndani ya miezi miwili, muda ambao hausimami kungoja rufaa ya kodi.