Ukipanga raundi kwa GPS ya pikipiki, usianzie na kumalizia point moja

Wadau wa pikipiki Kisumu, hii imenisaidia sana. Ukipanga raundi, yaani safari ya kuzunguka na kurudi ulikotoka, ukiweka nyumbani iwe mwanzo na tena mwisho, GPS inatafuta njia fupi tu, na hiyo ni kubaki hapo hapo, so lazima uilazimishe na pini za katikati, yaani alama unazoweka kwa ramani ndio ipitie hapo. Mfano mimi natoka Mamboleo, Miwani, Chemelil, napanda Nandi Hills, Kapsabet, nashukia Chavakali, Majengo hadi Kisumu. Pini siweki kwa jina la mji, nazumu kabisa naiweka juu ya lami, kama kilomita moja ukishapita jankisheni, kwa ile barabara nataka. Ikiangukia kando kidogo, hata kwa kanjia ka kuingia shamba la chai, itakupeleka huko halafu ikwambie geuza, na ukiwa kona za Nandi na lori liko nyuma hiyo ni hatari jameni.

Mwisho nauweka Kondele, kabla ya nyumbani. Pia gawa raundi mara mbili, kwenda hadi Kapsabet, kisha kurudi, juu ukikosa pini moja na GPS ipange upya inaweza kukukatia yote ikurudishe home mapema.